Kutoa Hewa

Kwetu Voi, sisi watoto wote tuliijua hadithi ya Timboroa. Baba aliendesha lori kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka 22, na katika safari zote hizo, alisema, dizeli ilimwishia njiani mara moja tu. Ilikuwa usiku, pale Timboroa, mahali ambapo baridi inaingia mpaka kwenye meno. Geji ilimdanganya. Mshale ulionyesha robo tangi, kumbe tangi limekauka. Yeye na tanboi wake wakalala ndani ya lori wamejifunika turubai, hadi asubuhi dereva mwenzao alipowaachia mtungi wa dizeli.

Sehemu aliyoipenda zaidi ilikuja baada ya mtungi. "Dizeli si petroli," alikuwa akisema, kidole juu. "Petroli ikiisha unaongeza, unawasha, unaenda. Dizeli ikiisha, mashine inameza hewa. Hata ujaze tangi mpaka limwagike, haiwaki. Lazima kwanza utoe hewa."

Hiyo sentensi ya mwisho tuliisema pamoja naye, kwa sauti nzito kama yake, kisha tukaangua kicheko. Sikuwahi kufikiria kwamba siku moja ningeihitaji, tena nikiwa Lowell, Massachusetts, nimevaa makoti mawili ndani ya nyumba.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 3 Februari 2023. Wiki nzima tulikuwa tumeonywa kwamba baridi kali inashuka kutoka kaskazini, na kweli, Jumamosi asubuhi Boston, si mbali na kwetu, ilipima nyuzi 23 chini ya sufuri. Kazini, ambako ninatunza wazee, tulishinda tukiongeza blanketi na kuvuta mapazia. Nilitoka saa tisa na nusu. Nilipofungua mlango wa nyumba, kitu cha kwanza nilichogundua hakikuwa baridi. Kilikuwa kimya.

Kama hujawahi kuishi huku, acha nikueleze. Nairobi ikiingia Julai tunavaa sweta, tunalalamika, maisha yanaendelea. Huku nyumba yenyewe ina injini. Nyumba nyingi za zamani za upande huu wa Marekani zinapata joto kutoka kwa boila iliyo chini ya nyumba, kwenye chumba cha ardhini wanachokiita beisimenti. Boila inachoma mafuta, inapasha maji moto, na maji hayo yanazungushwa kwenye mabomba yaliyopita kandokando ya kuta. Mafuta yenyewe na dizeli ni ndugu, karibu wa tumbo moja. Tofauti unayoiona kwa macho ni kwamba haya yametiwa rangi nyekundu, ili mtu asiyatie kwenye gari akakwepa ushuru wa barabara. Tangi la kawaida linabeba galoni 275, yaani zaidi ya lita 1,000. Lori linakuja, linajaza, unalipa. Nyumba ninayokaa ina orofa tatu, na kila orofa ina boila yake na tangi lake. Mkataba wangu ulisema wazi: mafuta ni juu ya mpangaji.

Boila ikiwaka, inanguruma kwa chini kama lori lililo kwenye foleni ya mizani Mariakani. Unaizoea mpaka huisikii tena. Siku hiyo niliisikia kwa sababu haikuwepo. Themostati ilisoma 54, ambayo kwa hesabu yetu ni kama nyuzi 12, na ilikuwa inashuka.

Nikateremka beisimenti. Kwenye kichomeo kuna kisanduku cha kijivu chenye kitufe chekundu. Nikakibonyeza. Mota ikaguna, kitu ndani kikalia tik-tik-tik, kisha baada ya muda mfupi ikajizima. Nikabonyeza tena. Na tena. Mara sita. Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo ni kosa. Mafuta yakiwa yanafika na moto hauwaki, kila unapobonyeza yanajikusanya ndani ya tanuri, na siku moto ukishika unayashika yote kwa mpigo mmoja. Kilichoniokoa ni umaskini: hakukuwa na mafuta ya kujikusanya. Niligonga tangi kwa kifundo cha kidole. Likalia kama ngoma.

Hofu yangu haikuwa kulala na baridi tu. Kulala ningelala, nguo ninazo. Hofu ilikuwa mabomba. Maji yakiganda ndani ya bomba yanatanuka, bomba linapasuka, na baridi ikipungua nyumba nzima inafurika. Hapo ungeniambia mimi nizungumze na landilodi kuhusu kuta na sakafu zake.

Nikaipigia kampuni ya mafuta. Mama aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu aliyejibu swali hilohilo tangu alfajiri.

"Geji yangu imekwama," nikamwambia. "Ilikuwa inaonyesha robo."

Akasema lori la kwanza lenye nafasi ni la Jumanne. Kiwango cha chini ni galoni 100, na bei ilikuwa zaidi ya dola 4 kwa galoni. Nikitaka waje usiku huo kuna ada ya dharura, halafu ada nyingine ya fundi, kwa sababu tangi likishakauka boila haiwaki yenyewe. Nikapiga hesabu haraka. Zaidi ya dola 600. Kwenye akaunti nilikuwa na dola 83, na mshahara ulikuwa Alhamisi.

Pesa zilienda wapi? Zilienda fomu wani. Kitinda mimba wetu alikuwa anaripoti shule ya bweni Jumatatu hiyo, tarehe 6. Karo, godoro, sanduku, sare, viatu pea mbili, na ile orodha ya shule ambayo kila mwaka inazaa vitu vipya. Elfu sabini na kitu. Nilituma zote Jumanne, na Baba akanitumia ujumbe wa sauti: "Mungu akuzidishie, mama. Lakini huko mambo ni mazuri kweli?" Nikamjibu: "Mazuri kabisa, Baba."

Kuna mpango wa serikali huku wa kuwasaidia watu wa kipato cha chini kulipia joto. Fomu yake ilikuwa kwenye friji yangu tangu Novemba, imebanwa na sumaku yenye picha ya twiga. Sikuijaza. Mimi ndiye ninayetuma. Nilishindwa kujiona kwenye foleni ya wanaopokea.

Yule mama wa simu alikuwa bado hajakata. Akashusha sauti. "Sikiliza, binti. Nenda kituo cha petroli ununue dizeli. Boila yako haitajua tofauti. Lakini utalazimika kutoa hewa. Unajua kutoa hewa?"

Nilikaribia kucheka. "Najua," nikasema. Uongo wa aina hiyo nilikuwa nimeshauzoea.

Huku mitungi ya mafuta ina rangi zake: nyekundu ni petroli, buluu ni mafuta ya taa, manjano ni dizeli. Nilipouona ule wa manjano dukani niliona kama nimekutana na mtu wa kwetu. Ni ule ule, wa kubebea maji, galoni 5, karibu lita 20. Dola 20. Nikaujaza dizeli kwa karibu dola 25 na kurudi nyumbani. Kwanza nikazima swichi nyekundu ya dharura iliyo juu ya ngazi za beisimenti, kisha nikatoka nje kutafuta mdomo wa tangi. Ukutani kuna midomo mitatu ya chuma, mmoja kwa kila orofa, na ukikosea unamjazia jirani. Wangu una namba 1. Kifuniko kilikuwa kimeganda, nikakigonga na spana mpaka kikalegea. Spana hiyo, pamoja na nyingine ndogo, niliazima kwa jirani wa orofa ya pili bila kumwambia ni za nini. Nikakata chupa ya soda kuwa faneli, kama wauza petroli wa vichochoroni. Upepo ulikuwa unachoma. Nusu kikombe kilimwagikia glavu. Nikamaliza mtungi wa kwanza, nikarudi kituoni, nikaleta wa pili. Nikabaki na dola 13.

Nikarudi chini. Nikasubiri kidogo ili uchafu wa tangi utulie, nikawasha swichi, nikabonyeza kitufe. Mota ikaguna. Tik-tik-tik. Ikazima.

Lazima kwanza utoe hewa.

Nikaingia mtandaoni kutafuta video. Kila boila niliyoiona ilikuwa safi, ina mwanga mzuri, imesimamiwa na mzungu mwenye ndevu na vifaa vyote. Yangu ilikuwa na kutu na tandabui. Nilikuwa bado nalinganisha ya kwenye simu na ya mbele yangu, saa tatu na nusu usiku, simu ikaita mkononi. Video. Baba. Voi ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikapokea kabla ya kufikiri.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Ona sanduku." Akageuza simu. Sanduku la bati, jeusi, na jina la mdogo wangu limeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi zimelala upande kidogo. Baba aliandika mwenyewe. Nilitaka kumwambia ni zuri. Badala yake nikashusha pumzi, na pumzi ikatoka kama moshi.

Akanyamaza. "Uko nje?"

"Niko ndani."

"Ndani wapi?"

Ningeweza kukata. Ningesema mtandao ni mbaya. Sisi wa huku mtandao wetu huwa mbaya kila tunapouhitaji uwe mbaya. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi na nilikuwa nimechoka.

"Mafuta ya nyumba yaliisha," nikasema. "Nimeongeza, lakini haiwaki."

"Mafuta gani?"

"Dizeli."

Uso wake ukabadilika. Tangu aache barabara, tangu sukari ianze kumsumbua miguu, watu wanamuuliza kama amekula, kama amemeza dawa, kama amelala vizuri. Hakuna anayemuuliza kitu anachokijua.

"Nionyeshe hiyo mashine."

Nikapitisha simu polepole. "Rudi nyuma. Hapo. Hiyo ni pampu, unaona bomba la mafuta linavyoingia? Sasa tafuta kichuchu kidogo cha chuma kwenye ubavu wake, kama kile cha kutolea hewa kwenye breki."

Kilikuwepo, kimefunikwa na vumbi jeusi.

"Hicho kitufe umebonyeza mara ngapi?"

"Sita. Saba."

Kimya. "Kuna mahali pa kuchungulia ndani?"

Kulikuwa na kijidirisha. Nikamulika na tochi ndogo ya kazini. Palikuwa pakavu.

"Mungu yupo," akasema. "Usiguse tena mpaka nikuambie. Weka kopo chini ya kichuchu. Spana iko wapi?"

Spana ndogo, ya inchi 3/8, ikashika sawasawa. "Legeza nusu mzunguko. Usikitoe, legeza tu. Haya, bonyeza."

Mota ikaguna. Kwenye kichuchu kukatoka upepo, halafu povu la rangi ya waridi, fshh, tone, fshh, tone. Mkono wa koti ukaloa. Kisha ikajizima.

"Imezima, Baba!"

"Iache ipumzike. Mimi siku ile nilipampu kwa mkono mpaka kiganja kikachubuka. Rudia."

Mara ya pili ikawa povu tena. Mara ya tatu povu, tone, kikohozi kimoja kikubwa, kisha mafuta yakaja mfululizo, mstari mwembamba usio na pengo, uwaridi ukigeuka manjano.

"Funga!" Baba akapiga kelele, na nyuma yake nikamsikia Mama akiamka na kuuliza ni nani amekufa.

Nikafunga. Sekunde moja. Mbili. Kisha moto ukashika ndani ya tanuri kwa mshindo mdogo, kama mtu anayekung'uta shuka, na boila ikaanza kunguruma.

"Nyamaza," Baba akasema, ingawa sikuwa nimesema kitu. "Sogeza simu karibu." Akasikiliza akiwa amefumba macho. "Bado ina hewa kidogo. Sikia inavyokohoa. Iache, itaitema yenyewe." Ikakohoa mara mbili zaidi, ikatulia. "Hapo sasa."

Nikakaa kwenye ngazi. Mama akaingia kwenye picha na leso kichwani, akanitazama, akayatazama makoti. "Kwani huko hakuna stima?" akauliza. Baba akamwomba akaangalie chai. Akaenda, lakini polepole.

"Yalikuishia vipi?" Baba akauliza.

"Geji ilikwama. Ilikuwa inaonyesha robo."

Hakusema kitu kwa muda. Nyuma yake dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeupe, na kuku walikuwa wameanza fujo zao.

"Ile ya Timboroa," akasema. "Geji haikuwa na neno."

Sikujibu.

"Niliuza. Lita 60, pale Salgaa. Madereva wengi walikuwa wanauza, na mimi miaka yote nilikuwa nimekataa. Lakini ulikuwa umerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Fomu wani, muhula wa kwanza. Walisema usirudi bila pesa. Nikapiga hesabu, nikaona iliyobaki itanifikisha Eldoret. Nikakosea hesabu."

Niliikumbuka wiki hiyo. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nilikosa mtihani wa Kemia. Pesa zilikuja, nikarudi shule na risiti, na sikumuuliza mtu yeyote zimetoka wapi. Katika umri huo unadhani pesa za baba hutoka kwa baba.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Baba yenu anauza mafuta ya watu? Kazi ingeisha siku hiyo hiyo. Tanboi alinifichia, na geji haina mdomo wa kujitetea."

Juu yangu mabomba yalianza kugonga, tok, tok, vile yanavyofanya chuma kinapopata joto baada ya baridi. Niliwaza kuhusu zile jumbe zote za "mazuri kabisa". Ile ya mwezi niliofanya shifti mbili kwa siku ili kulipia ukuta wa nyumba yao. Ile ya Krismasi niliyosema nimealikwa kwa marafiki, na nilikula tambi kitandani. Hakuna aliyenilazimisha kuzituma. Niliona vibaya wao wajue bei ya kitu nilichowapa, kwa sababu wangejua wasingekipokea. Na sasa nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na elimu yangu yote, nimeambiwa bei ya kitu nilichopewa.

"Yangu pia haikukwama, Baba," nikasema. "Ilifika chini tangu katikati ya Januari. Nilikuwa nashuka kuiangalia kila siku."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Mtu hununua mafuta kwa mtungi akiwa hana ya kujaza tangi." Akakuna kidevu. "Hayo uliyotia yatafika lini?"

"Nikishusha joto, kesho usiku."

"Na umebaki na ngapi?"

"Dola 13."

"Hiyo ni pesa ngapi?"

"Elfu moja mia sita hivi."

Akacheka, kicheko chake cha zamani cha kwenye lori, kile cha kutikisa mabega. Nikacheka pia. Mama akarudi na chai, akatukuta hivyo, akasema sisi wawili hatuna akili.

Nilipoamka Jumamosi nyumba ilikuwa na joto la kutosha kuvua koti moja. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe: Baba amenitumia pesa. Alikuwa amekwenda dukani mapema, na kijana wa M-Pesa akamwelekeza namna ya kutuma nje. Baada ya makato zilinifikia dola 38. Tangu nipande ndege, pesa hazikuwahi kusafiri upande huu. Kidole changu kilishafungua sehemu ya kuandika, nimwambie asingejisumbua, nitazirudisha, zimsaidie kwa dawa. Nikakaa hivyo kwa muda. Kisha nikaandika, "Nimepata, Baba. Asante."

Zilinunua mtungi mmoja na nusu. Tukafika nazo, pamoja na zile dola 13 na mwenzangu wa kazini niliyemwambia ukweli, mpaka Alhamisi.

Jumatatu mdogo wangu aliripoti shule na sanduku lake. Jioni hiyo nikaitoa ile fomu chini ya twiga, nikakaa mezani nikaijaza. Ilibidi niandike tena ukurasa wa pili, kwa sababu wa kwanza niliushika na ile glavu, ukanuka dizeli na kubaki na doa.